Siku Nilipoiangusha Kanga Dukani kwa Shangazi

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hasira hunipanda mpaka leo, na hasira hiyo naianzia kwangu mwenyewe kabla sijaipeleka kwa mtu mwingine. Sikuwahi kukusimulia. Nilishaamua nitakwenda nayo kaburini. Lakini juzi ulikuja hapa na simu mkononi, ukanionyesha picha ya mteja, iliyopigwa akiwa ndani ya chumba cha kujaribia nguo dukani kwako pale Mwanga, nusu amevaa, nusu hajavaa. Ukaniambia, tena kwa kujivuna, kwamba msichana wako wa dukani ndiye aliyemkamata, kwamba ni mwanamume anayeishi kama mwanamke, na kwamba picha imeshazunguka mji mzima. Nilinyamaza siku ile kwa sababu ningefungua mdomo ningekutukana. Leo nimepoa kidogo. Kidogo tu, usijidanganye.

Ilikuwa miaka ya wakimbizi. Watu walikuwa wanavuka ziwa kutoka Kongo kila siku, maboti yanatua Kibirizi yamejaa watu na magodoro na kuku, na Ujiji yetu ikafurika. Wengine walipelekwa kambini, wengine walijipenyeza mjini wakaishi kwa kusuka nywele, kushona, kuuza maandazi. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, mdomo mrefu kuliko akili, nasaidia kazi kwenye banda la shangazi yangu, Bi Mwamvua, sokoni Ujiji. Shangazi aliuza nguo za ndani za mtumba. Belo, lile robota la mitumba, likifunguliwa asubuhi, wanawake wanajaa, Waislamu kwa Wakristo, wenyeji kwa wageni, maana sidiria nzuri haikuwa kitu cha kupatikana hivi hivi.

Sasa sidiria huinunui kwa macho. Kwa hiyo shangazi alifunga kamba ya manila kwenye kona ya banda, akatundika kanga, akapata vijichumba viwili vya kujaribia, kimoja huku na kingine kule. Na palikuwa na utaratibu wake. Wewe umekulia mjini huenda hukuuona, lakini wanawake wa ziwani tunaujua tangu utotoni: mwenzako akishuka botini amelowa, unamshikia kanga abadilishe, na wewe uliyeshika unageuza uso, unatazama ziwani mpaka akwambie tayari. Hata awe dada yako wa tumbo moja, hugeuki. Hivyo ndivyo ilivyokuwa dukani. Mteja anaingia ndani ya kanga, mimi nashika upindo usifunguke, uso wangu nauelekeza sokoni.

Lazima nikwambie pia kwa nini mimi nilipewa kazi hiyo, usije ukafikiri wanawake wa Ujiji walikuwa na woga wa bure. Ukuta wa mbao uliotutenga na banda la jirani ulikutwa na tobo. Tobo la kisu, limechongwa vizuri, usawa wa jicho la mtu aliyeketi. Jirani huyo alikuwa fundi cherehani, Fundi Saidi, mtu wa kofia na salamu ndefu, na cherehani yake ilikaa papo hapo penye tobo. Wanawake walipiga kelele wee. Wengine walilia. Yeye akasema ni panya. Wazee wa soko wakaja, wakamtazama, wakalitazama tobo, wakasema yaishe. Panya! Shangazi akapigilia mkeka pale, akaniweka mimi kulinda. Nikajiona askari.

Basi wiki hiyo hiyo wakaja wateja wawili kwa wakati mmoja. Wa kwanza alikuwa Mama Stefania, Muha wa Simbo, mkulima, mwanamke mzito wa heshima, kila gulio analeta maharage na haondoki bila kumsalimia shangazi. "Mwakeye, mama," atasema, kisha anakaa kimya. Siku hiyo aliomba sidiria kwa sauti ya chini, akaingia kijichumba cha ndani. Wa pili alikuwa Furaha, mkimbizi kutoka ng'ambo, msusi. Nusu ya vichwa vya Ujiji vilipita mikononi mwake. Mrefu, mikono mikubwa, sauti nzito kidogo, gauni la kitenge, kilemba safi. Alizoea kuniita yaya, yaani dada, ingawa alikuwa amenizidi umri.

"Yaya, niko natafuta sutie," aliniambia, ndivyo wao walivyoiita sidiria. Nikampa mbili, akaingia kijichumba cha nje. Nikashika kanga, nikageuza uso.

Ningebaki hivyo, mwanangu, leo ningekuwa na usingizi mzuri zaidi. Lakini Fundi Saidi alikuwa amesimama mlangoni kwake na futi kamba shingoni, akaninong'oneza, "Unamshikia nani kanga, wewe? Huyo si mwanamke." Akacheka. Na mimi, kiherehere, nikaanza kukumbuka ile sauti, ile mikono. Nikageuka.

Alikuwa amenipa mgongo. Aliposikia nimegeuka naye akageuka, nikaona kifua chake bapa, na mkononi ameshika soksi mbili alizokuwa anataka kuzitia ndani ya sidiria. Tukatazamana. Alitikisa kichwa tu, polepole, kama mtu anayemwomba mtoto asidondoshe sahani.

Mimi nikapayuka. Nilipiga ukelele uliofika hadi kwa wauza mawese: "Mwanaume! Kuna mwanaume ndani kwa wanawake!" Na nikaivuta ile kanga kwa nguvu zangu zote ili watu waone. Kamba ya manila ikang'oka msumarini. Kanga zote zikaanguka, za huku na za kule.

Nilisahau kwamba Mama Stefania yuko ndani. Kumbe kilichomleta kimya kimya ni kwamba titi lake moja lilikuwa limekatwa hospitali kwa ugonjwa, limebaki kovu refu hadi kwapani. Simbo nzima haikujua. Mume wake alijua, na daktari. Alikuwa amesimama pale amekunja kitambaa, anakipima ndani ya kikombe kimoja cha sidiria. Sasa likajua soko lote.

Watu walifika kama nzi. Wachukuzi waliacha magunia, wauza dagaa waliacha meza. Na wa kwanza kabisa kufika mbele, tena amejipatia nafasi nzuri, alikuwa Fundi Saidi. Yule yule wa panya! Anawatazama wote wawili juu mpaka chini, mikono kiunoni, na hakuna hata mmoja aliyemwambia geuza uso. Wote walikuwa wanamtafuta mwanamume wa hatari, na alikuwa amesimama katikati yao anahema. Kijana mmoja akakivuta kilemba cha Furaha, mwingine akamshika gauni, wengine wanapiga kelele, "Akaguliwe! Akaguliwe!" Mama Stefania amejikunyata chini, amejifunika kwa mikono, analia kwa Kiha, "Yewe! Yewe!" bila kukoma. Hakuna aliyemsikia. Mimi nilisimama na kanga mkononi.

Shangazi alikuwa ameswali Adhuhuri, anarudi. Sijui alipitaje katikati ya watu wale, mwanamke mfupi vile. Alibeba ule upondo wa kutungulia nguo za juu, na alipiga nao bila kuchagua. Alivua kanga yake ya juu akamfunika Mama Stefania, akanipokonya niliyoshika akamfunika Furaha, akawasukuma wote wawili stoo, nyuma ya mabelo, akafunga mlango na kuuegemea kwa mgongo.

"Bi Mwamvua, toa huyo tumkague!" kijana mmoja akadai.

"Kukagua?" shangazi akasema. "Haya. Kamlete mama yako hapa, nimvue nguo mbele ya watu hawa, nihakikishe kwanza yeye ni mwanamke. Kisha nitakupa huyu. Nenda, nakusubiri."

Kijana akaangalia chini. Shangazi akamgeukia Fundi Saidi. "Na wewe panya, umeshiba?" Hapo watu walicheka, na cheko hilo ndilo lililowatawanya, wala si aibu. Lakini ilichukua muda, na shangazi hakuondoka mlangoni mpaka alasiri.

Nilingoja anisifu. Naapa, mwanangu, nilingoja sifa! Nikamwambia, "Shangazi, nilikuwa nawalinda wanawake."

Alinitazama kama hanijui. "Wanawake gani? Mwanamke aliyekuwa ndani umemvua wewe. Yule mwenye tobo lake hajafanya hata robo ya ulichofanya."

"Lakini shangazi, yule Furaha..."

"Yule Furaha aliingia peke yake, akakupa mgongo, akaangalia ukuta. Alichoandikiwa na Mungu sikijui, na sikuulizwa. Nilichokijua ni kwamba aliingia ndani ya kanga yangu. Mtu akishaingia ndani ya kanga yangu, nimeshika mimi. Wewe nilikupa ushike kwa niaba yangu, ukageuka. Toka mbele yangu."

Sikushika tena kanga dukani mle. Nilirudishwa kuosha masufuria nyumbani.

Furaha hakusuka tena Ujiji. Wanawake wale wale waliokaa kati ya magoti yake saa nne, tano, wakimweleza mambo ya waume zao, walipita barazani kwake wakitazama upande wa pili. Mwenye nyumba akamtoa. Nilikwenda Kibirizi kumtafuta, nimebeba zile soksi zake mbili alizoziacha dukani kama mjinga, nikaambiwa siku nne zilizopita amepanda boti la kwenda Mwamgongo, wengine wakasema amepelekwa kambini, wengine wakasema amerudi ng'ambo, ambako watu walikuwa wanauana. Alikimbia bunduki akavuka ziwa zima akawa salama, akaja kushindwa na mimi, msichana wa miaka kumi na tisa mwenye mdomo. Sijui kama yu hai. Msamaha wake sijaupata na sitaupata, na mtu asiniambie eti Mungu amenisamehe, kwa sababu Mungu sikumvua nguo.

Kwa Mama Stefania nilikwenda. Nilitembea mpaka Simbo baada ya wiki tatu. Hakunikaribisha ndani. Alinipa kigoda nje, akaendelea kupukuchua mahindi, nami nikamwomba radhi nikilia. Aliniacha nilie mpaka nikachoka mwenyewe.

Kisha akasema, "Mle stoo tulikaa sana. Nilikuwa natetemeka, vifungo vya nyuma vinanishinda. Yule mtoto akanifunga. Alinifunga, na macho yake ameyaweka ukutani mpaka akamaliza. Kisha akachukua kile kitambaa changu, akakikunja upya, akanirudishia bila kunitazama, akasema, 'Mama, ukikunja hivi hakitahama.'" Akatupa gunzi kapuni. "Uliyemwita mwanaume ndiye aliyenisitiri. Wewe mwanamke mwenzangu ulinifanyia nini?"

Niliinuka, nikarudi Ujiji na swali hilo, na mpaka leo ninalo.

Basi mwanangu, nisikilize, kwa sababu sitarudia. Mnabishana siku hizi nani aingie na nani asiingie, na mnadhani jambo hilo mmeligundua ninyi. Mteja wako akikwambia anaogopa kuvua nguo akiwa na mtu asiyemjua upande wa pili wa pazia, usimcheke. Woga huo una sababu, na sababu hiyo mimi nimeiona, imevaa kofia na futi kamba. Mpe chumba. Ondoa hayo mapazia yako ya kuteleza, weka mbao kuanzia chini mpaka juu, mlango wenye komeo linalofungwa kwa ndani, aingie mmoja, atoke mmoja. Fundi wa kazi hiyo anaimaliza siku moja. Simu zibaki mezani, ya msichana wako ndiyo ianze. Anayechungulia mtoe nje, awe mwanamume, awe mwanamke, awe mjomba wako.

Lakini usimweke mtu mlangoni kuwakagua wanawake miili. Usithubutu. Ukianza kukagua, utamkagua mwenye sauti nzito, kesho mwenye mabega mapana, keshokutwa yule ambaye hospitali imemkata, na wote hao utawavua kwa jina la kuwalinda. Na yule wa kwenye picha yako, aliyezaliwa mwanamume akaishi mwanamke kama unavyosema, mimi simjui na wewe humjui. Ninachokijua ni kwamba aliingia dukani kwako kununua nguo, akavuta pazia, akawa peke yake, na mtu wako akapenyeza simu juu ya pazia. Aliyechungulia hapo ni nani? Nitajie kwa sauti.

Futa picha hiyo. Kisha waendee wote uliowatumia, mmoja mmoja, wafute, hata wakikucheka. Halafu umtafute mwenyewe leo, kabla hajapanda boti, umwombe radhi uso kwa uso. Mimi nilichelewa siku nne tu.

Nimekukaripia kwa sababu wewe ni wangu. Mungu akupe duka ambalo mtu anaingia bila kutetemeka. Akusitiri wewe ukiwa mzima na ukiwa mgonjwa, na siku utakapovuliwa nguo na watu usiowajua, hospitali au safarini au kwenye kuoshwa mwisho, akuwekee mtu wa kugeuza uso. Amina. Sasa inuka uende, bado ni mapema.