Mlango wa Buluu Katika Kitambaa cha Mama

Wazungu wa reli walikuwa na mashine za picha. Sisi tulikuwa na kitambaa. Kilikuwa cha meza, cheupe, cha pamba nzito, kirefu kuliko meza yenyewe. Kila mwaka Papa alipomaliza konje yake, ile likizo ambayo reli iliwapa wafanyakazi pamoja na tiketi ya bure kwa familia nzima, Mama alidarizi juu yake kumbukumbu ya safari ya mwaka ule. Kudarizi alijifunza kwa masista, kwenye fuaye, nyumba ambamo wake za wafanyakazi walifundishwa kushona, kupiga pasi na kutandika kitanda, kana kwamba kabla ya masista kufika walikuwa wakilala juu ya miti. Mambo ya kitanda aliyacheka. Sindano aliipenda kweli.

Tulikaa katika kambi ya reli, Albertville, mji ambao leo tunauita Kalemie. Papa alikuwa karani wa mizigo pale stesheni, mwenye kofia, saa ya mfukoni na sauti ya kuamuru hata anapoomba chumvi. Kambini kulikuwa na desturi moja ambayo hakuna aliyethubutu kuivunja: ukirudi kutoka konje, Jumapili ya kwanza unawaita wenzako wa kazi na wake zao, mnakula, na wewe unasimulia ulikokwenda. Wengine walileta nyama ya kukausha au mafuta ya mawese ya kwao. Kwetu walikuja kuangalia kitambaa. Papa alisimama kichwani pa meza, akaweka kidole juu ya kipande kipya na kuanza hadithi. Alikuwa msimulizi hodari, hilo siwezi kumnyima.

Konje za kwanza tulikwenda wote Moba, kwa watu wa Mama. Meli ilidariziwa kwa uzi mweusi, mbuzi wa mjomba kwa uzi wa kahawia, na mimi nikawekwa juu ya sanduku la bati ninatapika ziwani. Matapishi Mama aliyashona kwa kijani. Nilimlilia ayaondoe, akakataa.

"Ulitapika ao haukutapika?"

"Nilitapika."

"Basi inabaki."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake: kitambaa kinapokea kile tu ambacho macho yameona. Mwaka mmoja Papa alimwomba aongeze kiboko karibu na meli, ili wageni washangae. Mama akamuuliza kama alimwona. Papa akasema watu wa Moba wanasema viboko wapo. "Basi watashona wao," Mama akajibu, akakata uzi kwa meno.

Mara ya mwisho kwenda wote ilikuwa mwaka 1960. Mwaka uliofuata kulikuwa na vita ndani ya jimbo, reli ikawa inakatwa na kuungwa, treni inapita siku inayotaka yenyewe. Papa akasema safari hii anakwenda peke yake, kwa mama yake mzazi, upande wa Nyunzu, kwa sababu njia si ya wanawake na watoto. Mama hakuwahi kufika kule. Walioana huku ziwani, na mama mkwe wake alimjua kwa salamu tu.

Lazima niseme konje ilikuwa nini kwa Mama, maana bila hilo mtu ataona nalia kwa sababu ya nyuzi. Mwaka mzima Papa alikuwa wa stesheni. Alikula amesimama, alilala na filimbi ya treni masikioni, na Jumapili alikuwa wa parokia, mstari wa mbele. Katika konje ndipo alipokuwa mume wa Mama kutwa nzima. Walitembea pamoja, alimbebea mtoto, alimtania mbele za watu. Mama alingoja mwezi ule kama wengine wanavyongoja mshahara. Papa alipoondoka peke yake, Mama alisimama mlangoni hadi kofia ilipopotea, kisha akanipigia kelele kwa sababu ya sufuria ambayo sikuiunguza mimi.

Papa alirudi amenenepa. Mama akafungua sanduku, akatandaza kitambaa, akakiangalia pale mahali peupe pa mwaka ule. Nafikiri aliogopa pengo. Aliogopa kwamba wageni watakuja, Papa atasimama kichwani pa meza, na mkewe hatakuwa na chochote chini ya kidole chake. Akavunja sheria yake mwenyewe.

"Niazime macho yako," akamwambia. "Niambie kwa mama yako kunakuwa namna gani, nitashona."

Hapo Papa angeweza kusema kibanda cha udongo na kuku wawili, mambo yakaisha. Mwongo mwenye akili husema kidogo. Lakini baba yangu alipenda mno kusikilizwa. Akavuta kiti, akasimulia: nyumba ya matofali karibu na reli, mpapai upande wa kushoto, benchi chini ya dirisha, nyumba ndogo ya njiwa juu ya mti mkavu. Na mlango. Mlango aliupaka yeye mwenyewe, kwa mkono wake, rangi ya buluu iliyobaki depo walipopaka mabehewa. Mama alishona mlango kwa buluu aliyokuwa nayo. Papa akainama begani kwake, akatikisa kichwa.

"Hapana, hii ni ya mbingu. Ile yangu ni ya giza kidogo."

Mama akafumua. Kesho yake Papa akapita dukani kwa mfanyabiashara mmoja wa karibu na bandari, ambaye bidhaa zake zilitoka Kigoma, akamletea fungu la uzi wa buluu ya giza. Papa! Mtu ambaye hakuwahi kununua hata sindano. Mama alifurahi hadi aliuonyesha uzi ule kwa majirani. Alishona mlango upya, akaujaza vizuri, mistari midogo iliyobanana, na ndiyo kazi nzuri kuliko zote alizofanya. Mimi nilikaa chini karibu naye, nikimtungia uzi sindanoni. Ninaikumbuka furaha yake na bado inanitia hasira.

Mwaka 1962 akaenda tena peke yake. Safari hii nyumba ilipata jiko lenye bati na ua wa maboriti. Mama akashona. Wageni wakaja Jumapili, wakakiangalia kitambaa kwa muda mrefu kuliko kawaida, wakala mikebuka, samaki wa ziwa letu, ya kukaanga, wakarudi makwao.

Mwaka 1963 vita vilikuwa vimetulia na treni zilikuwa zimerudia saa zake. Mama alianza kujitayarisha mapema. Alinunua kitenge cha kumpelekea mama mkwe, akatufulia nguo za safari, akaniambia kwamba sasa ataiona ile nyumba kwa macho yake na kama mpapai uko kulia badala ya kushoto, Papa atamtambua. Alisema hivyo akicheka. Papa akamsikiliza, akala, akafuta mdomo.

"Bado," akasema. "Watu wanasema kuna majambazi porini."

"Mbona mke wa dereva wa treni alikwenda juzi akarudi?"

"Yule ni yule."

Akaondoka na kile kitenge.

Aliporudi hakuwa peke yake. Nyuma yake alikuwepo mwanamke kijana, mwenye kidaftari cha mbatizwa mkononi na mtoto wa kike aliyefungwa nywele kwa utepe. Papa akatuambia kwamba huyu ni mjane wa ndugu yake, vita vimemwachia mtoto tu, hana mtu, atakaa kwetu hadi Mungu afungue njia. Mama akamkumbatia. Akampa chumba changu, akampa maji ya kuoga, akampa kanga yake. Mwanamke yule alikuwa amevaa nguo ya kitenge kipya. Nilikitambua mara moja na nadhani Mama pia, lakini akajiambia, kama alivyoniambia baadaye, kwamba mama mkwe mwenye huruma ampe nini mjane kama si kitenge?

Jumamosi Mama akatoa kitambaa ili akipige pasi kwa ajili ya wageni wa kesho yake. Pasi ya makaa ilikuwa tayari. Mtoto yule alikuwa amepanda juu ya kiti, ameegemea meza, anatazama. Akaweka kidole chake juu ya ule mlango.

"Eeh! Si njo kwetu hii?"

Mama akacheka. "Kwenu wapi, mutoto?"

"Kwetu! Njo mulango yetu. Papa alipakaga na mukono yake. Na njiwa zetu. Mama, kuya uone, bameshona nyumba yetu!"

Watoto wote kambini waliwaita wanaume wote Papa, kwa hiyo neno lile peke yake halikuwa kitu. Lakini mama yake mtoto alitokea mlangoni akakitazama kitambaa, na badala ya kukisogelea akarudi nyuma. Mama alimtazama uso. Kisha akamtazama mtoto, na nikaona anachokiona. Mtoto yule alikuwa mkubwa kuliko vita, mkubwa kuliko zile konje za Papa za peke yake.

Nilikuwa na umri wa kuelewa. Nilielewa kila kitu mara moja, na nikatamani kuichukua pasi ile niiweke juu ya mlango wa buluu hadi utoboke.

"Mama mukwe anakaaka wapi?" Mama akamuuliza mwanamke, kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Kule kijijini, ng'ambo ya muto," mwanamke akajibu akiangalia chini. "Ana kanyumba ka udongo. Mama, mimi Papa aliniambia unajua."

Papa alipotoka kazini hakukana. Hakuomba msamaha pia. Alisimama akakitazama kitambaa kama karani anayetazama mzigo uliopotea anwani, kisha akamwambia Mama afumue ile nyumba kabla ya kesho. Wageni wa reli wakija, wasiione. Padri akisikia, atamfungia komunyo. Hilo ndilo lililomsumbua.

"Nifumue?" Mama akasema. "Nilifumua ule mlango mara moja, kwa kuwa haukukupendeza. Sifumui tena."

"Basi weka kitambaa kingine."

Asubuhi Papa mwenyewe akatandika shuka jeupe juu ya meza. Wageni walipokuwa wakifika, Mama alitoka chumbani amevaa nguo yake ya kanisani, akaondoa shuka, akatandika kitambaa chake na kukinyoosha pembe zote. Tukaleta bukari, ugali wetu wa muhogo, sombe la majani yake na samaki. Papa akasali sala ya chakula haraka haraka na kukaa. Kwa mara ya kwanza hakusimama kichwani pa meza.

Mama ndiye aliyesimama pale. Akaweka kidole juu ya meli.

"Hapa tulikuwa wote," akasema. "Huyu anatapika ni binti yangu. Hapa tulikuwa wote tena, mwaka wa mbuzi. Na hapa," akasogeza kidole, "hapa Papa alikuwa peke yake. Mimi niliambiwa ni kwa mama yake. Leo ninawaambia ni nyumba ya nani. Ni ya bibi yake mwingine. Yuko jikoni, ndiye aliyekaanga samaki munayokula."

Nilingoja paanguke kitu. Nilingoja mwanaume mmoja asukume kiti chake, mwanamke mmoja apige makofi ya mshangao, mtu aseme "Yesu wangu!" Nilimtazama Papa ili nione uso wake ukivunjika mbele ya watu aliotaka wamheshimu, na ninakiri kwamba nilikuwa na njaa ya kuuona. Lakini wanaume waliendelea kula. Mmoja alimega bukari, akachovya, akatafuna. Wanawake walitazama sahani zao.

Mke wa dereva wa treni, rafiki mkubwa wa Mama, aliyekaa naye benchi moja kule fuaye, akamshika mkono na kumvuta polepole akae.

"Mama," akamwambia chini chini, "ile nyumba si tunaijua siku mingi? Bwana yangu anapitaka pale kila juma. Kambi yote inaijua."

Mama akazunguka na kumtazama kila mtu mezani, mmoja mmoja.

"Na hamukuniambia?"

"Tukuambie nini?" Rafiki yake alishangaa kweli, hakuwa anamdhihaki. "Mwaka ule tulikuja hapa, tukakuta umeishona na mukono yako, na mulango, na njiwa. Tukasema, uyu mwanamuke ana roho. Amekubali mwenzake mpaka anamuweka ku meza. Mimi nilikuwaka namwambia bwana yangu kila siku: ukinitendea vile, mimi sitaweza kuwa kama yeye."