Thurman na Maboga ya Nyumba ya Crowhurst

Shemeji yangu Thurman Kessinger hana adui hapa Fullerton ila maboga. Nasema hivi nikijua ni ndugu wa mume wangu, na kwamba akinisikia atanuna, lakini kununa kwake si habari mpya. Ni fundi viyoyozi. Kiangazi chote yuko juu ya mapaa ya watu, ngozi imekuwa kama ya mkoba wa zamani, na sijasikia mteja aliyemlalamikia. Kwa kazi sina neno naye. Neno langu ni juu ya ile nyumba.

Nyumba yenyewe iko Larkmoor, bustani ya michezo ambayo kila mtoto wa kaunti yetu hupelekwa, atake asitake. Inaitwa Nyumba ya Crowhurst. Unapanda kigari, kinakuvuta gizani juu ya reli. Unamkuta daktari mzee mezani na wageni wake, wote wamekufa na hakuna aliyewaarifu. Unamkuta mwanamke anabembeza susu tupu, kitanda cha mtoto kisicho na mtoto. Kuna ngazi inayopandwa na nyayo bila mtu. Hakuna kinachokurukia wala kukupigia ukelele, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Mwishoni, kabla mlango haujafunguka, sauti ya daktari inasema polepole kwamba mmoja wenu amebaki ndani, na watu wazima na akili zao hujikuta wanatazamana kuhakikisha wametimia.

Mama yao aliwapeleka Thurman na Dwight wakiwa wadogo. Dwight, mume wangu, ndiye mkubwa. Alilia, akanunuliwa bisi, akasahau. Thurman hakulia. Alitoka kimya, akaomba arudishwe ndani, na kwa maoni yangu hajatoka mpaka leo.

Miaka ikapita, Thurman akaoa. Ndipo wakubwa wa Larkmoor walipokaa mahali penye ubaridi wakagundua kwamba kifo hakiuzi vikombe vya ukumbusho dukani. Wakaamua kwamba kila Septemba nyumba ifungwe, ipambwe, ifunguliwe ikiwa Halowini, sikukuu yao ya maboga na mizimu, na Krismasi kwa pamoja, kama mtu aliyevaa nguo za msiba na za harusi siku moja asije akakosa pilau upande wowote. Mapambo yangekaa mpaka Januari. Wakapanga maboga ngazi nzima. Wakamwaga theluji ya pamba juu ya paa, na hiyo ni Septemba, pepo za Santa Ana zinavuma kutoka jangwani na lami inanata kwenye viatu. Daktari wakamvisha kofia nyekundu yenye kishada. Wageni wake waliokufa wakawekewa keki. Aliyeonewa kuliko wote ni yule mwanamke: susu yake wakaitia mtoto wa kulungu wa manyoya, mwenye kengele shingoni. Kila kona ikapuliziwa harufu ya tangawizi. Na ile sauti ya mwisho haikumbakiza mtu tena. Iliwatakia heri ya sikukuu na kuwakaribisha dukani, maana mlango wa kutokea sasa ulifungukia dukani.

Niliiona mwaka ule wa kwanza nikaidharau, nikaenda zangu. Ndivyo mtu mzima anavyofanya na upuuzi. Thurman aliichukulia kama watu wamefukua kaburi la mama yake wakapanda bizari.

Alianza kwa kupiga simu. Aliyepokea alimshukuru kwa maoni yake. Akapiga tena, akashukuriwa tena. Ndipo akashona, akavaa suti nyeusi ya mzika maiti, na kofia ndefu, akaandika bango lenye maneno MIZIMU HAILI KEKI, akaenda kusimama mbele ya lango la Larkmoor kwenye jua lile. Dwight aliponiambia nilidhani ananitania. Tulienda kumtazama. Tulimkuta jasho linamchuruzika masikioni, na mbele yake foleni ya watu wanaotaka kupiga naye picha. Walidhani ameajiriwa. Mama mmoja alimkabidhi kitoto kichanga akishike. Mlinzi wa lango, badala ya kumfukuza, alimwomba asogee kidogo kivulini ili foleni isizibe njia, na akamuuliza kwa adabu onyesho lake linaanza lini.

"Mimi si onyesho," Thurman alimjibu. "Mimi ni malalamiko."

Mlinzi alicheka mpaka akashika nguzo. Akamletea maji.

Mkewe, Glenna, alivumilia mambo hayo kwa muda, kisha akahamia Oregon na mwanamume anayefuga nyuki. Sisemi aliondoka kwa sababu ya maboga. Nasema maboga hayakumzuia. Mtoto wao, Maren, akawa anakaa na mama yake, na likizo na sikukuu anakuja kwa baba. Na baba mtu, ambaye angeweza kumpeleka mwanawe baharini au milimani, alimpeleka wapi? Kila Oktoba, bila kukosa, alimpeleka Larkmoor kuiona Nyumba ya Crowhurst ikiwa na kofia.

Hili ndilo lililonishinda. Mtu anachukia chakula, na bado yuko wa kwanza kwenye foleni na sahani yake. Nilimuuliza siku moja jikoni kwangu kwa nini asingoje Februari, nyumba ikishavuliwa mapambo, aende kwa amani.

"Shemeji, huwezi kupinga kitu usichokijua," aliniambia. "Lazima nijue wameharibu nini zaidi mwaka huu."

"Ukishajua?"

"Najua."

Sikio la kufa halisikii dawa. Nikamwacha.

Tulifuatana nao mara nyingi, kwa hiyo najua ilivyokuwa. Thurman na Maren kigari cha mbele, mimi na Dwight nyuma yao. Nyimbo za kengele zinapigwa, mifupa inacheza na mapande ya peremende, na katikati ya yote hayo sauti ya Thurman haikatiki. Hapo, mwanangu, palikuwa na kioo, na ndani yake unaona mtu nyuma yako. Pale daktari alikuwa anageuza kichwa polepole, sasa amegeuzwa mpiga ngoma. Huyu mama hakuwa na mnyama, alikuwa hana kitu, ndiyo maana alikuwa anabembeza, unaelewa? Maren anaitikia naam, baba, naam. Nilimhurumia mtoto. Nilidhani anaikosa raha yake kwa ajili ya mahubiri.

Kumbe hata mimi sikujua ninachokitazama.

Maren alikua. Akasoma, akapata kazi ya uuguzi Reno, simu zikawa chache, lakini Oktoba alikuja. Kisha mwaka juzi Larkmoor wakatangaza kwamba mapambo basi. Nyumba inatimiza umri mkubwa, wakasema, na kwa heshima ya wapenzi wa zamani itabaki ilivyojengwa, mwaka mzima. Heshima gani. Sote tulijua kwamba mapambo yalikuwa yamechakaa na mapya ni ghali. Lakini Thurman aliipokea habari ile kama jemadari. Alitualika uani kwake, akachoma nyama, akavaa ile suti nyeusi ambayo sasa haifungiki tumboni. Maren alikuwa amekuja. Thurman akainua bia yake akasema kwamba ukweli ukikaa sana chini hufumuka, na kwamba watu walimcheka, na leo wako wapi.

"Wako nyumbani kwao, shemeji," nikamwambia. "Wamesahau."

Maren hakuinua kinywaji chake. Alikuwa anachezea ukingo wa sahani ya karatasi. Baba yake akamuuliza mbona amepooza, au Reno hawali nyama.

"Umefurahi, nami nafurahi kwa ajili yako," Maren alisema. "Umerudishiwa nyumba yako, baba. Yangu ndiyo wameibomoa."

Thurman akatazama huku na huku kama anayetafuta hiyo nyumba iliyobomolewa. Maren akamweleza bila kupaza sauti. Alisema yeye hakuwahi kuijua hiyo nyingine. Alizaliwa kofia ziko tayari vichwani. Kwake daktari ni mpiga ngoma, na mama wa susu ana kulungu, na amempata baada ya kumsubiri muda mrefu.

"Ile si nyumba, ni keki," Thurman alisema. "Nimekuambia tangu unatambaa. Hukunisikia?"

"Nilikusikia. Sauti yako ndiyo niliyokuwa nakuja kuisikia."

Mimi nilikuwa na uma wa nyama karibu na mdomo, nikaurudisha. Dwight alijifanya anageuza makaa. Thurman yeye alisema tu kwamba kesho atampeleka akaione ile halisi, na akishaiona atashika adabu. Mpenda chongo huita kengeza, na kengeza la Thurman lilikuwa la miaka mingi; halikuweza kunyooka kwa maneno ya mezani.

Kesho yake tukaenda. Nakiri nyumba ilikuwa imependeza, kama kitu cha kutisha kinaweza kupendeza. Vumbi lilikuwa mahali pake. Hakuna kengele, hakuna tangawizi. Foleni ilikuwa fupi, jambo ambalo sijawahi kuliona Oktoba. Thurman alitangulia na kofia yake ndefu, kifua mbele, kama mwenye nyumba. Tukapanda kama kawaida, wao mbele, sisi nyuma.

Kigari kikaondoka. Tukapita kioo, na kweli mlikuwa na mtu ndani yake. Tukapita kwa daktari, akageuza kichwa polepole na kututazama. Tukapita ngazi na nyayo zake. Nikawa nasubiri kitu na sijui ni nini. Tulipofika kwa yule mwanamke na susu yake tupu ndipo nikatambua: Thurman alikuwa hajasema neno hata moja. Nilimwona kisogo chake kwenye mwanga ule wa kijani. Aligeuka kwa Maren mara mbili, mdomo wazi, akageuka tena mbele. Hakukuwa na kitu cha kumwonyesha. Kila kitu kilikuwa pale pale kilipo, mtu yeyote mwenye macho angeweza kukiona. Maren naye alikuwa amekaa wima, mikono mapajani, kama mtu aliye kwenye chumba cha daktari wa meno.

Tulitoka juani. Thurman akavua kofia yake ndefu akajifuta.

"Mbona leo hukusema kitu?" Maren alimuuliza.

"Hakuna walichoharibu."

"Basi."

"Basi," Thurman akasema.

Wakatembea mpaka kwenye benchi wakakaa. Walikaa mbali kidogo na sisi, kwa hiyo sikusikia kila kitu. Nilimwona Thurman akionyesha paa la nyumba kwa kidole, akizungusha mkono kuonyesha pale pamba ilipokuwa, na Maren akimsahihisha, hapana, si pale, kule. Mzee huyu alikuwa anaisimulia pamba. Miaka yote ile ameitukana, na sasa anabishana na mwanawe ilikuwa upande gani. Nilitaka kumcheka, nami huwa sikosi kicheko kwa ajili ya Thurman, lakini Dwight alinishika mkono na mimi nikatazama pembeni.

Hakuungama. Msidhani ni mtu wa kuungama. Alirudi nyumbani akaninunia kana kwamba mimi ndiye niliyeondoa maboga. Baridi ile yote aliwaambia wateja wake juu ya mapaa kwamba Larkmoor wamerudi kwenye akili zao, lakini alisema kwa sauti ya mtu anayetangaza hali ya hewa. Nasikia pia alipiga simu kuuliza kama yale mapambo yamehifadhiwa au yametupwa. Aliponiona nimesikia, alisema anauliza ili ahakikishe yametupwa.

Na kama mnavyowajua wakubwa, heshima yao kwa wapenzi wa zamani ilidumu mwaka mmoja. Vikombe havikununuliwa. Msimu uliofuata mapambo yakarudi, na mabaya kuliko ya kwanza. Sasa kuna kampuni ya peremende iliyolipia. Daktari anagawa peremende. Mama wa susu ana kulungu watatu, na mmoja anaimba. Theluji si pamba tena, ni povu la sabuni linalomwagika kutoka juu, linakuingia machoni. Nililiona tangazo nikampigia Thurman nimpe pole.

"Watatu?" aliniuliza.

"Watatu, shemeji. Mmoja anaimba."

Akaniambia ni aibu, ni ukatili, ni mwisho wa ustaarabu, na kama tunataka kwenda naye siku ya kwanza tuwahi langoni, maana yeye hasubiri mtu. Sijamsikia na sauti nzuri kiasi kile tangu Glenna aondoke.

Maren alikuja kutoka Reno, na safari hii alikuja na mchumba, kijana mrefu mpole anayeitwa Anselm, mtunza maktaba. Thurman alimpa mkono kama anayepima kiyoyozi kibovu. Foleni ilizunguka mpaka kwenye choo. Juu yetu povu linadondoka, chini yetu lami inaungua. Anselm alitazama juu, povu likamkaa kwenye miwani, akasema ni nzuri sana.

Maren alifumba macho. Mimi nilisubiri.

Thurman alimtazama yule kijana kwa dharau kamili, dharau safi, isiyochanganywa na kitu. Akavuta pumzi, akamwambia asogee karibu, asije akapitwa na neno. Akaanza na kioo. Nikamwambia Dwight tutafute kivuli tukale churo, yale maandazi marefu ya sukari, maana foleni haitembei na Thurman katika mahubiri yake hata kwa daktari bado hajafika.