Mheshimiwa Aliyebaki na Kiswahili

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya kutunza wagonjwa majumbani, nilifundishwa kumgeuza mtu. Sista mkuu, muuguzi wa Kifilipino aliyetusimamia sisi wahudumu wa kampuni, alijilaza kitandani mwenyewe, akalegea kama gunia la mchele, akasema, "Nina kilo themanini na siwezi kusogea. Nigeuze." Nikamvuta mkono. Akapiga kelele za uongo, wenzangu wakacheka.

"Umeshanitegua bega," alisema. "Hapa hatuvuti mtu, tunavuta shuka."

Ndivyo ilivyokuwa. Chini ya mgonjwa asiyejiweza tulitandika shuka dogo lililokunjwa mara mbili, kuanzia mabegani hadi mapajani. Unalishika usawa wa bega na nyonga, unamgeuza nalo kila baada ya saa mbili, ili asipate vidonda vya kulalia upande mmoja. Wadogo zangu mnaoingia kazi hii sasa mna magodoro ya upepo yanayojijaza yenyewe. Sisi tulikuwa na shuka, saa ya ukutani na viuno vyetu.

Kabla ya hapo nilikuwa mfanyakazi wa ndani kwa familia ya Kiarabu huko huko Doha, Qatar, kwa miaka mitatu. Nilifika na cheti cha darasa la saba kutoka Singida. Mkataba ulipoisha, kafili wangu, yaani mwajiri anayekudhamini kukaa nchini, alikubali nihamie kwenye kampuni ya wahudumu.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa mtaa wa The Pearl, ghorofa ya kumi na saba, kwa bibi wa Kilebanoni aliyevunjika nyonga. Bosi wangu alikuwa binti yake, tuliyemwita Madam. Yeye ndiye aliyenifundisha daftari la zamu: saa, dawa, chakula, maji aliyokunywa, mkojo, usingizi, na maneno aliyosema. Siku moja niliandika, "Bibi ana huzuni." Madam akafuta kwa kalamu nyekundu.

"Amekwambia ana huzuni?"

"Hapana, Madam. Nimemwona."

"Basi andika ulichokiona. Alikataa supu, aligeukia ukutani. Huzuni nitaijua mwenyewe."

Nilikasirika siku ile. Baadaye niliona alikuwa sahihi, na niliandika hivyo mpaka nilipostaafu.

Bibi alipopona, Sista mkuu aliniita ofisini. "Wewe unasema Kiswahili?" Nikamwambia ndicho nilichokulia nacho. Akasema kuna mama wa Kihindi mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, alipatwa na kiharusi, na tangu hapo anasema lugha ambayo watoto wake hawaijui.

Aliyeigundua lugha hiyo hakuwa daktari. Alikuwa mlinzi wa jengo lao, Mkenya mmoja, aliyekuwa akishikilia mlango wa lifti wakati yule mama anapitishwa kwenye kiti cha magurudumu. Alimsikia akinung'unika, akamwambia mwanawe, "Boss, huyu mathe anaongea Kiswahili, tena cha Coast. Anasema kiatu kinambana." Wakakivua kiatu. Kidole kilikuwa kimevimba. Alikuwa akilalamikia kiatu hicho kwa wiki mbili.

Mwanawe alikuwa mhandisi wa barabara, nami nilimwita Bwana Mhandisi. Siku niliyofika alinieleza habari zote akiwa amesimama. Mama yake alizaliwa Pangani, ambako babu yake Mhandisi alikuwa na duka. Bibi yake Mhandisi alifariki mapema, mtoto akalelewa na yaya wa pale pale. Akiwa na miaka kumi na tano alipelekwa India kuolewa. Kiharusi kilifunga lugha zote alizozitumia ukubwani, kikaacha ile ya yaya. Daktari alisema hutokea, ingawa si mara nyingi, na akasisitiza kwamba kusikia hakukuguswa: anaelewa kila lugha aliyoijua, ila hawezi kuzisema.

"Na ujue unamtunza nani," Mhandisi aliongeza. "Huyu ni mwanamke wa kwanza wilayani kwetu India kuingia bunge la jimbo. Alikuwa waziri wa maji."

Nyumbani walimwita Ba, yaani mama, nami nikamwita hivyo. Nilimsalimu, "Shikamoo, Ba." Mdomo wake ulikuwa umevutwa upande mmoja, lakini jicho lilicheka.

"Marahaba. Wewe wa wapi?"

"Singida, Ba."

"Ndiyo maana. Kiswahili chako kimevaa buti."

Nilicheka mpaka Mhandisi akauliza kuna nini. Nilipomtafsiria alikaa kwenye kiti akaficha uso. Alikuwa hajasikia mzaha wa mama yake kwa miezi mitatu.

Kitu cha kwanza kilichonitatiza kazini kilikuwa maji. Ba hakunywa chochote kabla ya saa saba mchana, hata chai. Kwa mtu wa kiharusi, katika joto la Doha, hiyo ni hatari. Mkojo wake ulikuwa mweusi kama chai ya rangi. Nilijaribu kijiko, nilijaribu mrija, nilijaribu tikiti maji. Alifunga mdomo. Mwisho niliuliza, na ninapouliza huwa siachi.

"Ba, kwa nini hunywi asubuhi?"

"Baraza."

Ilinichukua siku nne kulielewa jibu hilo. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, lakini kiliishia miaka kumi na tano. Hakuwa na neno la bunge, alisema baraza kubwa. Waziri alikuwa mkubwa, kura ilikuwa mkono. Maisha yake yote ya siasa ilibidi ayasimulie kwa maneno ya dukani na uani, nami nikawa nampa mengine moja moja, naye anayaonja.

Alipoingia bungeni, ndani ya jengo lile hapakuwa na choo cha wanawake. Waliojenga hawakufikiri kwamba siku moja kitahitajika. Alilazimika kuvuka barabara kwenda nyumbani kwa karani mmoja, na mara mbili walipiga kura akiwa huko. Baada ya hapo aliacha kunywa maji tangu alfajiri hadi kikao kiahirishwe. Alifanya hivyo miaka kumi na minane. Mwili ukazoea, ukasahau sababu.

"Sasa choo kipo, Ba. Kipo hapo, hatua nane."

"Umehesabu?"

"Nimehesabu."

Akafikiri. "Lete nusu kikombe."

Nilizidi kumuuliza, kwa sababu sikuwahi kuwa karibu na mtu wa namna ile. Alipataje kura wakati wanawake hawakuruhusiwa kuja mikutanoni? Alinijibu kwamba aliingia jikoni. Kila kijiji alipita mlango wa nyuma, akamwomba mama mwenye nyumba amfundishe achari yake ya maembe. Kila mmoja aliamini yake ndiyo bora, kwa hiyo mafunzo yalikuwa marefu. Wanaume walipokuwa wanasikiliza hotuba uwanjani, uchaguzi ulikuwa unakwisha jikoni. "Nilinenepa," alisema. "Nilishinda, nikanenepa."

Mwaka wa pili wa kazi yangu pale, Mhandisi aliamua mama yake aandikiwe kitabu. Alimpata mwanamke kijana, mwalimu katika shule mojawapo ya Kihindi pale mjini, aliyekuwa na mazoea ya kuandika. Mwalimu alikuja kila Ijumaa alasiri, akauliza kwa Kiingereza, Ba akajibu kwa Kiswahili, nami nikageuza kwa Kiingereza changu cha kazini.

Sura kubwa ya kitabu ilikuwa bwawa. Wote waliijua habari hiyo, hata wajukuu: serikali ya jimbo ilitaka kujenga bwawa ambalo lingezamisha vijiji saba, na Ba, waziri wa maji, alikataa, akajiuzulu. Magazeti ya wakati ule yaliandika hivyo. Picha yake akitoka kwenye jengo la serikali ilitundikwa sebuleni.

Mimi Ba alishanisimulia nyingine. Siku ya uamuzi, mkubwa wa jimbo, yaani waziri wake mkuu, aliwaambia mawaziri wanaoliafiki bwawa wanyooshe mikono. Alimwinamia Ba akamnong'oneza kwamba asiponyoosha, hawataweka tena mwanamke kwenye kiti kile. Ba akanyoosha. Bwawa likapita. Alijiuzulu baadaye, maji yalipokuwa yameshafika kwenye vizingiti vya nyumba, na magazeti yalipoandika kwamba alikataa tangu mwanzo, hakuyasahihisha.

"Nilinyamaza miaka thelathini," aliniambia. "Sasa mdomo umeharibika ndiyo nataka kusema."

Nilimweleza Mhandisi, kwa sababu ndiye bosi. Hakupandisha sauti. "Ugonjwa unamchanganya," alisema. "Akianza habari za bwawa mbele ya Mwalimu, sema amechoka. Watoto wangu wamekua na habari hii. Unanielewa?"

Nilimwelewa. Wakati huo kampuni ilikuwa imemkabidhi udhamini wangu, na yeye ndiye aliyetia saini kibali changu cha kukaa. Neno lake moja lingenirudisha Singida.

Hata hivyo nilitaka kujua kama kweli amechanganyikiwa. Tuna njia ya kupima: unauliza jambo lile lile siku tofauti, bila kulitangaza. Mgonjwa aliyechanganyikiwa hubadilisha. Nilimuuliza Ba mara tatu ndani ya wiki mbili. Kila mara mikono ilikuwa tisa, sari yake ilikuwa ya kijani, na aliyekaa dirishani alikuwa waziri wa misitu mwenye mafua. Hakubadilisha kitu. Niliandika yote kwenye daftari la zamu.

Ijumaa iliyofuata Mwalimu akauliza habari za bwawa. Mhandisi alikuwa kwenye kochi, ameshika simu asiyoitazama. Ba akasema pole pole, kwa kituo, ili nisikose hata neno, "Mwambie nilinyoosha mkono."

Mwalimu akaningoja.

"Amechoka," nikasema.

Nililisema kwa Kiingereza, mbele yake. Hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote katika kazi yetu, na hulifanya hata wazoefu: unamzoea mtu asiyeweza kusema lugha fulani, unasahau kwamba anaisikia. Ba alinitazama. Hakuonyesha hasira. Alinitazama kama mtu anayekuona mara ya kwanza na kuhakikisha sura.

Kuanzia hapo hakusema tena. Jumamosi hakunena. Jumapili alirudia tabia ya zamani, hakunywa asubuhi, kisha hakunywa na mchana. Jumatatu ulimi ulikuwa mkavu, na ngozi ya mkono nikiivuta ilibaki imesimama, dalili ya kukosa maji. Mhandisi alitaka kumpeleka hospitali kutundikiwa dripu.

"Kwa nini hanywi?" aliniuliza.

"Nadhani ni mimi," nilisema, lakini sikusema zaidi.

Niliingia chumbani, nikakaa kwenye kiti cha choo cha kubeba kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu.

"Ba, niliogopa."

Aligeuza kichwa juu ya mto akanitazama. Kisha akasema, "Mimi pia. Siku ile. Niliogopa."

"Najua, Ba."

"Kunyoosha mkono ni jambo jepesi sana. Huchoki." Akapumua. "Utasema?"

"Nitasema."

"Akikufukuza?"

"Nitarudi Singida nikavue buti."

Upande mmoja wa mdomo ukatabasamu. Akaomba maji, nikampa kwa kijiko, vijiko ishirini na mbili.

Ijumaa ilipofika sikungoja kuulizwa. Nilimwambia Mwalimu kwamba wiki iliyopita sikutafsiri, nilisema langu. Nikamsomea kutoka kwenye daftari la zamu, siku tatu, saa na maneno. Mhandisi alisimama.

"Nilikwambia nini?"

"Uliniambia niseme amechoka, bosi. Hajachoka."

Akamgeukia mama yake, akamuuliza kwa lugha yao. Ba aliitika kwa kichwa, kisha akanena nami, na nikafasiri neno kwa neno. "Anasema, ulikuwa na miaka tisa. Siku hiyo ulimkuta analia jikoni. Ulimuuliza ana nini, akakwambia anaumwa jino."

Mhandisi alikaa tena, sasa pembeni ya kitanda, akauchukua mkono wa mama yake, ule uliopooza.

"Nilimletea karafuu," alisema. "Nikamwekea mwenyewe mdomoni."

"Anasema aliitafuna yote."

Hakunifukuza. Hakunishukuru pia, wala sikutegemea. Lakini tangu Jumatatu iliyofuata, akitoka kazini alikuja na kalamu akaniuliza maneno ya Kiswahili, "Njaa wanasemaje? Baridi je? Nakusikia?" Ndani ya miezi michache aliweza kukaa na mama yake dakika kumi bila mimi. Nilikuwa nasimama jikoni na kazi yangu mkononi, na naungama kwamba niliona wivu.

Ba alifariki mwaka uliofuata, asubuhi, baada ya nusu kikombe cha chai. Mwili wake ulipelekwa India. Nilimwosha na kumvisha sari pamoja na mkwe wake, mke wa Mhandisi, na Sista mkuu akanipa siku mbili tu kabla ya kituo kingine. Nilitunza wengine watano baada yake. Wote niliwatunza vizuri. Hakuna niliyemuuliza maswali mengi kama yeye, na mpaka leo nikiona jambo la ajabu nakuwa nimeshaanza kupanga nitakavyomweleza.

Sasa mgongo umekataa, nimerudi Singida. Mwaka jana Mhandisi alinitumia kitabu. Ni cha Kiingereza, nakisoma taratibu nikiwa na kamusi. Sura ya bwawa ipo. Mikono tisa ipo, sari ya kijani ipo, hata jino lipo. Mwishoni kuna shukrani, na mimi nimetajwa: kwamba nilikuwa mfasiri mwaminifu wa Ba tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Nilimwandikia Mwalimu kumwomba arekebishe. Alinijibu kwa upole kwamba lile lilikuwa jambo dogo, na kitabu kimeshachapwa.

Kwa hiyo naliandika hapa. Kuna Ijumaa moja ambayo haimo katika hesabu hiyo. Ba alisema wazi kwamba alinyoosha mkono, nami nikasema amechoka.