Siku Niliyokataa Kuanguka

Leo nimefungua chupa ya mafuta ya mzeituni jikoni, na harufu yake imenirudisha kwenye mkutano wa injili kule Njoro, vumbi la ngano iliyotoka kuvunwa likituwasha shingoni. Mama alikuwa amenipeleka niombewe kwa sababu ya kigugumizi. Mhubiri alinipaka mafuta kwenye paji la uso, akanisukuma. Wote walionitangulia kwenye foleni walikuwa wameanguka. Lakini ndani yangu kitu kiliniambia, kwa upole kabisa, nisimame. Nikakaza miguu.

"Anguka, roho chafu ikutoke!" akanguruma, akinisukuma tena.

"Si-si-sianguki," nikamjibu. "Mungu a-amesema nisimame."

Watu wakaguna. Mhubiri akamgeukia mama. "Mama, huyu mtoto wako ni mkaidi."

Mama alinishika mkono tukaondoka, umati wote ukitukodolea macho. Nilijua nitachapwa. Tulipofika barabarani akasimama, akanipangusa uso kwa kona ya leso yake.

"Ni kweli umemsikia?"

"N-ndiyo, mama."

"Basi usikubali mtu yeyote akuangushe. Hata kama ni mimi."