Anaanzia Kurasa za Nyuma

Yule mama wa dagaa pale sokoni Kibirizi hanunui gunia kwa kutazama dagaa wa juu tu. Huzamisha mkono hadi kiwikoni, akachota dagaa wa chini, akawasugua kiganjani na kupuliza, aone mchanga utakaobaki. Akiukuta, hagombani na mtu. Anashusha bei tu. Haruna, mstaafu wa reli, alisikia kwamba mama huyo ana hisa alizozishika miaka kumi na miwili na hana haraka ya kuuza. Ndiyo maana asubuhi ile alimpelekea taarifa ya mwaka ya kiwanda kimoja cha magodoro, kiinua mgongo chake chote kikisubiri jibu.

“Faida imepanda mara mbili, mama. Mwenzangu wa Gungu keshanunua hisa zao.”

Mama alijifuta magamba kwenye kanga, akazipita picha za wakurugenzi, akaanzia kurasa za nyuma, kidole kikitambaa mstari kwa mstari kama anayetafuta chawa kichwani mwa mtoto.

“Hapa wameuza kiwanja,” alisema kwa sauti yake ya chini. “Faida yote mpya ndiyo hii. Mwakani watauza nini, Mzee?” Akafunua tena. “Magodoro yenyewe wameuza machache kuliko mwaka juzi.”

“Kumbe ni matapeli?”

“Wala. Wameandika wazi, ila wewe umesoma picha tu.”

Haruna, aliyevaa shati la kwendea benki, akavuta kreti tupu, akakaa.

“Hebu nionyeshe hapo kwenye kiwanja,” akasema, “nisome mwenyewe.”