Jiko Lisilolipuka

Mimi ni mwoga wa gesi, na sijawahi kuona sababu ya kulificha hilo. Siku mtungi wa jirani yetu hapa Nyasubi uliposhika moto mdomoni, na mwenyewe akatoka mbio jikoni akiwa ameshika kanga mkononi, niliapa kwamba kitu kile hakitavuka mlango wangu. Mume wangu alinicheka mpaka akakaa chini. Alisema nauogopa mtungi kuliko ninavyomwogopa yeye. Nikamjibu kwamba yeye akikasirika nampikia chai, mtungi ukikasirika nitaupikia nini?

Basi binti yetu akaja nyumbani kujifungua. Kwetu uzazi wa kwanza huletwa kwa mama, na mkwe wangu alimleta mwenyewe, tena kwa haraka, kwa sababu mimba iliyotangulia iliharibika na hakutaka kubahatisha tena. Tumbo lilikuwa limeshaonekana, ila mwili wake ulikuwa umekwisha. Ugali ulimchefua, wali ulimchefua, hata harufu ya mlenda ilimtoa nje. Kitu pekee alichokula akashiba ni nyama ya kuchoma. Lakini moshi wa jiko letu la chuma, lile la kukata pipa katikati, ulimkohoza mpaka nikaogopa kwa ajili ya mtoto. Tukaenda mjini kutafuta jiko jingine la kuweka uani.

Muuzaji alikuwa na aina tatu. La kwanza lilikuwa la gesi, lenye magurudumu na vifundo vya kuzungusha, na mume wangu alisimama mbele yake kama dereva aliyepewa lori jipya. Mimi nilibaki karibu na mlango. La pili lilichoma vibonge vidogo vya pumba za mpunga vinavyofanana na chakula cha kuku, na lilikuwa na feni ya kupuliza moto. Nikauliza umeme ukikatika inakuwaje. Muuzaji akajikuna shingo. Nikajua feni itasimama na nyama itabaki inatutazama.

La tatu lilikuwa la kigae, nene, la mviringo kama chungu kikubwa, lenye mfuniko wa bawaba. Halikuwa jipya. Lilitoka upande wa Geita, kwa mtu aliyehama, ndivyo tulivyoambiwa. Mkaa kidogo tu ulilitosha, na ukifunika huoni moshi.

"Linaweza kulipuka?" niliuliza.

"Mama, huo ni udongo," muuzaji akasema. "Utalipukaje?"

Nikaamua hapo hapo. Mume wangu akaliaga jiko la gesi kwa macho.

Na kweli, lilitufaa. Niliweka nyama ya mbuzi, nikafunika, nikakaa kando nikichambua mchele bila kupepea wala kulia machozi. Binti yangu alikula. Mashavu yalirudi, akaanza kutaniana na baba yake, akawa ananiita nishike tumbo kila mtoto anapocheza. Nilijisifu kwa majirani. Niliwaambia jiko la watu wenye akili ni lile lisilo na mtungi.

Asubuhi moja nililitoa jivu ili nilisafishe vizuri. Niliingiza mkono mpaka chini kabisa, nikakwangua kwenye kingo na nyufa, kisha nikaenda kunawa. Nikaona pete yangu ya ndoa ina doa jeupe. Nilisugua kwa sabuni, doa likazidi kutambaa, dhahabu ikawa inageuka rangi ya bati mbele ya macho yangu. Wazo la kwanza, Mungu anisamehe, lilikuwa kwamba mume wangu alinivisha shaba miaka yote hii. Nikarudi kwenye jiko nikiwa na hasira naye. Nilipoligonga pembeni, kitone kidogo kinachong'aa kilitoka kwenye ufa, kikakimbia, kikagawanyika vikawa viwili.

Nikaruka nyuma.

Hakuna mtu wa huku asiyejua zebaki. Wachimbaji huichanganya na mchanga uliosagwa, inaishika dhahabu, vinakuwa donge. Donge hilo huwekwa motoni, zebaki inapaa kama mvuke, dhahabu inabaki. Kaka yangu mkubwa alichoma madonge hayo ujana wake wote kule Geita. Alipozeeka hakuweza kushika kikombe cha chai bila kukimwaga, na watoto wa mtaani walimwiga anavyotetemeka. Mtu fulani alikuwa amechomea dhahabu ndani ya jiko letu. Ndani yake, chini ya mfuniko ule ule, mimi nilikuwa nikimchomea mwanangu nyama.

Nikageuka. Binti yangu alikuwa amekaa kwenye mkeka kibarazani, sahani mapajani, anamalizia nyama ya jana.

"Tema!" nilipiga kelele. "Tema yote!"

Niliirukia sahani nikaitupa uani, kuku wakakimbilia, nikawafukuza kuku pia kwa kandambili. Mume wangu alitoka akidhani kuna nyoka. Nilimwonyesha pete. Alifanya kazi migodini zamani, kwa hiyo sikuhitaji kueleza. Alikaa kwenye ngazi, akashika kichwa.

Binti yangu alitutazama mmoja baada ya mwingine.

"Mayu," aliniita mama kwa kilugha chetu, kama alivyoniita utotoni akiugua. "Mtoto je?"

Nilimshika mkono, nikakumbuka mkono wangu ulikotoka, nikauondoa haraka.

Kesho yake tulikwenda naye hospitali, upande wa Kolandoto. Njia nzima niliangalia tumbo lake. Daktari alitusikiliza bila kutukatiza. Alisema wanaoumia zaidi ni wale wanaochoma wenyewe kila siku, na kwamba sisi tulikuwa uani, penye hewa. Alichukua vipimo, akasema havimtishi. Nikamwomba aniambie mtoto yuko salama. Alivua miwani akasema hawezi kuniahidi kitu asichokiona. Akizaliwa, tuangalie anavyokua, tuangalie kama anasikia na kama anageuka akiitwa. Binti yangu alishukuru kwa sauti tulivu kabisa. Kwenye basi alilala usingizi, na nilimwonea wivu kwa moyo ule.

Muuzaji alituapia kwamba hakujua. Alimpigia simu mwenye jiko wa kwanza, na mtu yule, bila haya, akasema alichomea humo mara moja moja tu, mfuniko ulimfaa kwa sababu majirani hawakuona. Bwana afya wa kata alikuja na glavu, akalifunga kwenye nailoni akaondoka nalo. Mume wangu akaleta jiko la gesi bila kuniuliza. Mimi ndiye niliyeliwasha mara ya kwanza, kiberiti kikinitetemeka mkononi, na nilipouona mkono wangu nikamkumbuka kaka yangu, nikakaa chini.

Mtoto alizaliwa wa kike, akilia kwa nguvu. Wauguzi walicheka. Kila mtu alicheka, na binti yangu kuliko wote, akawa anasema yamekwisha, mama, tusiyataje tena. Sikuyataja. Ila kila nilipobaki peke yangu na mjukuu wangu nilichukua sufuria na mwiko, nikasimama nyuma yake asiponiona, nikagonga. Alishtuka, akageuka. Nilimshukuru Mungu, na siku iliyofuata nikagonga tena, kwa sababu jana si leo.

Mchana mmoja binti yangu alitoka kufua akanikuta nimesimama hivyo, sufuria juu. Nikaanza kusema sijui nini kuhusu panya. Alininyang'anya mwiko taratibu.

"Mama," akasema, "na mimi huwa nafanya hivyo ukienda sokoni."

Kisha akagonga yeye mwenyewe, na sote wawili tukainama kumtazama mtoto.