Kaseti Tupu na Ng'ombe wa Kogo

Mimi hukusanya kaseti tupu. Si za nyimbo. Tupu kabisa, zile za zamani ambazo bado ziko ndani ya nailoni zake, hazijawahi kusikia hata mtu akikohoa. Naziweka kwa karatoni ya viatu chini ya kitanda, hapa mtaani West Indies, na mama huwaambia majirani kwamba mtoto wake amefungua duka la kuuza kimya.

Usidhani niko peke yangu. Hapa Eldoret tuko na kikundi cha WhatsApp, wanaume wazima wenye ndevu, kazi yetu kutumiana picha za nailoni. Mmoja akipata kaseti ambayo haijafunguliwa, wengine wanaandika "amina". Mwenyekiti wetu, anayeuza spea za redio mjini, amezifungia zake kwa kabati ya kioo. Sheria yake ni moja: haifunguliwi. Ukimuuliza itatumika lini, anakuangalia kama umeomba Biblia ya kufunikia sufuria. Sisi ni wapenzi wa sauti ambao hatutaki kusikia kitu.

Nami nilikuwa muumini. Niliota nitafungua makumbusho, watu watoke Nairobi kuja kuangalia kaseti zisizo na kitu ndani. Rangi ya tiketi nilikuwa nimeshachagua.

Halafu Kogo, yaani nyanya yangu wa kijijini Ainabkoi, akanipigia simu. Akiwa na shida huwa hasalimii.

"Redio inakula babu yako," akasema.

Nilijua anamaanisha nini. Babu alikuwa hakamui bila kuongea na ng'ombe, na si maneno matamu. Alikuwa anamgombeza mwanzo hadi mwisho. Siku moja mjomba alileta redio kaseti ya mtumba, akataka kujaribu kama inarekodi. Kaseti tupu hakuna. Akachukua ya kwaya, akaziba vile vitundu vya juu vinavyozuia kurekodi kwa karatasi aliyotafuna, vile watu wa kwetu walifanya, akaiacha zizini. Babu akarekodiwa akikamua bila habari.

Alipofariki, ng'ombe alikataa kuachilia maziwa. Wataalamu wakaja: shangazi na maombi, mjomba na chumvi, jirani na ushauri ambao hakuna aliyemuomba. Kogo akawasha ile kaseti. Maziwa yakashuka. Tangu hapo, kila asubuhi babu anagombeza, ng'ombe anatoa, mpaka ile kwaya ambayo haikufutwa ilipuke katikati ya ubeti. Hapo ng'ombe anageuza kichwa. Anajua kazi imeisha.

Sasa utepe ulikuwa unatafunwa, na sauti nyingine ya babu hatukuwa nayo duniani. Mjomba, mtu wa kisasa, aliwahi kuihifadhi kwa simu. Halafu akabadilisha simu.

"Nasikia uko na kaseti tupu karatoni nzima," Kogo akasema. "Unawekea nani?"

Nilienda Ainabkoi kuchukua ile kaseti mgonjwa, nikarudi mjini kwa mwenyekiti, kwa sababu ndiye pekee mwenye redio ya midomo miwili, ya kunakili kaseti kwa kaseti, inayofanya kazi. Nilibeba kaseti yangu nzuri kuliko zote. Akaitambua kutoka mlangoni.

"Usiniambie unafungua hiyo."

"Nafungua."

"Kwa sababu ya?"

"Babu yangu. Akigombeza ng'ombe."

"Ng'ombe!" Akashika kabati yake kama inaweza kuambukizwa. "Bwana mdogo, ukifungua hiyo wewe si mkusanyaji tena. Wewe ni mtu tu ako na redio."

Nilipopasua nailoni, akageuka ukutani. Mzee mzima.

Tukaanza kunakili. Utepe ulilia kama mlango wa choo, halafu babu akatokea, mkali vilevile, maziwa yakipiga ndoo nyuma yake. Mwenyekiti hasikii Kikalenjin. Alivumilia kidogo, ikamshinda.

"Anasema nini?"

"Anamwambia amekula mahindi ya jirani na bado anamnyima mtoto chai."

"Mtoto gani?"

"Mimi."

Alisogea akashika kifuniko cha redio kwa kidole, kisitingishike, na hakuondoa mkono. Kwaya ilipofungua mdomo tu, ile kaseti ya zamani ikakatika. Lakini babu alikuwa ameshavuka.

Kesho yake tulikuwa zizini, mimi na Kogo. Babu akagombeza. Tulimwangalia ng'ombe, naye akatuangalia kama watu wasio na kazi. Halafu maziwa yakashuka. Kogo akakamua bila kunitazama, akijipangusa macho na bega.

Sauti ilipoisha, ng'ombe hakusonga. Alikuwa anangoja kwaya. Ilibidi Kogo aimbe mwenyewe, nami nikaitikia vibaya, ndipo ng'ombe akageuza kichwa.

"Huku nyuma ya kaseti kuna kitu?" Kogo akauliza.

"Hakuna. Tupu."

"Geuza."

Nikageuza. Akavuta kigoda karibu na redio.

"Na mimi nikienda, nani atamgombeza? Nyinyi watoto wa mjini mtamwambia tafadhali."

Akanionyesha kitufe chekundu cha kurekodi kwa kidevu, mikono yake ikiwa imejaa maziwa. Nikabonyeza. Akasafisha koo, akamgeukia ng'ombe, akaanza kumgombeza kuanzia mama yake.